Nzi wa Matango na Maji ya Mwarobaini

Tango lililodungwa na nzi halijifichi kwa anayejua kuangalia. Lishike likiwa bado changa, la urefu wa kidole, uligeuze taratibu kwenye mwanga. Utaona nukta ndogo iliyokolea rangi, na juu yake tone la utomvu linalong'aa ambalo baadaye hukauka likawa gundi ya kahawia. Upande ule uliodungwa hudumaa huku upande wa pili ukiendelea kukua, ndiyo maana tango hupinda. Lipasue kwa kisu. Chini ya ganda utakuta mayai meupe, membamba, yamelazwa pamoja. Au, kama umechelewa, funza wasio na miguu wanaotambaa kwenye nyama iliyolainika. Waliokomaa hujikunja na kuruka, na wengine watakurukia mkononi.

Naanza na kisu kwa sababu wengi wanaouliza juu ya dawa za mimea huuliza matango yakiwa yameshaoza. Wakati huo hakuna maji ya mwarobaini, wala ya mti mwingine wowote, yatakayomfuata funza ndani ya tunda. Dawa ya mmea hufanya kazi kabla ya hapo: humsumbua nzi jike anapotua kutafuta pa kutagia, tunda limchukize, aondoke. Ulinzi huo hudumu siku chache tu. Na nzi aliyeondoka hajafa. Yuko hapo jirani, kesho atarudi, au atahamia kwa mwenzako. Mkulima anayeyazingatia mambo haya mawili huipata faida ya dawa hii. Asiyeyazingatia hutwanga mbegu msimu mzima, kisha husema mwarobaini ni uongo.

Kwanza hakikisha unapambana na nzi mwenyewe. Wale vinzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu jikoni si wao. Hao hufuata kilichokwisha kuiva na kuchacha. Kwenye nyanya, ukikuta kiwavi mwenye kichwa cheusi na miguu, tena majani yamechorwa mapito meupe, hiyo ni kantangaze, mtoto wa nondo, na ina matibabu yake. Nzi wa matunda ana ukubwa unaokaribia wa nzi wa nyumbani, mwembamba kiunoni kama nyigu, rangi ya kahawia yenye michirizi ya manjano, na jike ana ncha kali mkiani. Anayeharibu zaidi matango, matikiti maji, mamumunye, madodoki na karela ni Zeugodacus cucurbitae, nzi wa matikiti, mgeni kutoka Asia ambaye yuko Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930. Pamoja naye wapo wenyeji wa bara hili, kama Dacus ciliatus na Dacus bivittatus. Nyanya chungu na mnavu zina adui wao, Bactrocera latifrons, aliyegunduliwa Tanzania mwaka 2006. Yule maarufu wa maembe, Bactrocera dorsalis, aliyeonekana Kenya mwaka 2003 kisha akasambaa Afrika kwa kasi ya kutisha, naye hupita kwenye mboga maembe yakiisha.

Maisha yao yanafanana, na ndani yake ndimo ilimo nafasi yetu. Yai huanguliwa kwa siku moja au mbili. Funza hula ndani ya tunda kwa muda unaokaribia wiki, kisha hutoboa, hudondoka na kujichimbia udongoni sentimita chache tu, hapo hugeuka pupa. Kwenye joto la pwani, baada ya siku kama kumi anatoka nzi mpya. Huyu hatagi siku hiyo. Lazima kwanza ale chakula chenye protini kwa wiki moja au zaidi ndipo mayai yake yakomae, na akishaanza anaweza kutaga mamia. Tena nzi wa matikiti hakai kwenye matango yako. Analala na kujificha pembeni: kwenye mahindi, kwenye mibarika, kwenye vichaka vya mpakani. Huingia bustanini kutaga, akimaliza hutoka. Nitarudi kwenye mahindi hayo, kwa sababu nusu ya kazi iko huko.

Sasa mwarobaini. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, akiwa Sudan, aliona nzige wakimaliza kila kijani isipokuwa miarobaini. Miaka tisa baadaye, Uingereza, watafiti Butterworth na Morgan walitenga kutoka kwenye mbegu zake kemikali iliyopewa jina azadiraktini. Mwaka 1986 mkutano wa kimataifa juu ya mti huu ulifanyika Nairobi, na tangu hapo utafiti wa Afrika Mashariki haujauacha. Azadiraktini humkatisha mdudu hamu ya kula, huvuruga ukuaji wake, na kwa nzi wa matunda humfanya jike asite kutaga kwenye tunda lenye harufu na uchungu ule. Kinachonipa imani na mti huu kuliko mingine ni kwamba umejaribiwa kwa nzi wa matunda wenyewe, si kwa vidukari na viwavi pekee. Majaribio hayo yanaonyesha kwamba hupunguza matunda yanayodungwa. Hakuna aliyeonyesha kwamba unamaliza nzi shambani, na anayekuuzia chupa kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Nguvu iko kwenye mbegu. Majani yanayo kidogo, magome kidogo zaidi. Watu wengi hupenda majani kwa kuwa yapo mwaka mzima, na huyachemsha kama wanavyochemsha ya kuoga mtoto mwenye tetekuwanga. Kwa nzi wa matunda hilo ni kosa mara mbili, kwani moto huiharibu azadiraktini. Dawa hii haichemshwi. Kama huna mbegu kabisa, twanga majani mabichi kilo moja kwa lita 5 za maji, loweka usiku kucha, ukijua kuwa unatumia kitu dhaifu na itakubidi unyunyize mara nyingi zaidi.

Mbegu huokotwa matunda yanapokuwa ya manjano na kuanza kudondoka. Ondoa nyama ya tunda siku hiyo hiyo kwa kusugua kwenye maji pamoja na mchanga, osha, kisha anika kivulini, mahali penye upepo, mpaka mbegu ikauke kabisa. Hifadhi kwenye kikapu au gunia la katani linalopitisha hewa. Ndani ya mfuko wa plastiki zitaota ukungu. Mbegu yenye ukungu itupe bila huruma, maana kuvu huweza kutoa sumu na wewe ndiye utakayeitwanga na kuivuta puani. Zinazofaa zaidi ni zile zilizokaa kati ya miezi mitatu na minane. Zikizeeka sana, nguvu imekwisha kupungua.

Kwa ndoo ya lita 20 unahitaji kilo moja ya punje, yaani mbegu iliyokwisha kuvunjwa ganda na kupepetwa. Kwa bomba la mgongoni la lita 15 chukua gramu 750. Twanga kwenye kinu ambacho si cha chakula, mpaka upate unga wa chengachenga. Ukiona mafuta yanaanza kutoka na unga unashikana kwenye mchi, umepitiliza. Weka unga kwenye kitambaa cha khanga kuukuu, funga, uzamishe kwenye maji, kamua kidogo kwa mkono wenye glavu, uache usiku kucha. Asubuhi hutaikimbilia bustani: acha ndoo kivulini, imefunikwa, hadi jioni. Kamua tena kitambaa mpaka maji yawe ya maziwa yenye rangi ya kahawia, chuja kwa kitambaa chenye matundu madogo ili bomba lisizibe, na ongeza sabuni ya maji kiasi cha mililita moja kwa kila lita. Sabuni inasaidia dawa kushika kwenye ganda laini la tango. Usizidishe, kwa sababu majani ya jamii ya matango huungua upesi. Kama ni mara yako ya kwanza, nyunyiza mashina matatu au manne, subiri siku mbili, ndipo uende kwenye shamba zima.

Maji yenyewe yana neno lake. Visima vingi vya pwani vina maji magumu yenye chokaa, na azadiraktini haidumu kwenye maji ya namna hiyo. Ukiweza kupata maji ya mvua, tumia hayo. Na dawa iliyochujwa itumike siku hiyo. Ikilala siku mbili tatu unanyunyiza uchungu mtupu.

Kwa nini jioni? Kwanza, jua huivunja azadiraktini. Ukinyunyiza saa nne asubuhi, sehemu ya dawa yako imepotea kabla ya adhuhuri. Pili, maua ya matango, matikiti na maboga hufunguka asubuhi, na nyuki huja wakati huo kufanya kazi ambayo bila yake hakuna tunda. Mkulima anayefukuza nyuki pamoja na nzi amejikata mwenyewe. Jioni maua yameshafumba, nyuki wamerudi mzingani, na dawa ina usiku mzima wa kukauka kwenye tunda ikimsubiri nzi wa kesho.

Kuhusu lini uanze na urudie mara ngapi, hesabu siku za tunda lenyewe. Tango hufikia kuvunwa siku kama nane hadi kumi na mbili tangu ua lake lifunguke, na nzi hupenda lile changa lenye ganda laini. Ukinyunyiza kila baada ya siku tano, kila tunda litapata ulinzi angalau mara moja, na mara nyingi mara mbili, kabla ya kuvunwa. Ukisubiri wiki mbili, yapo matunda yatakayozaliwa, kudungwa na kuoza bila kuonja tone la dawa. Anza maua ya kike ya kwanza yanapotokea; hayo utayatambua kwa kitango kidogo kilicho nyuma yake. Mvua ikinyesha, rudia. Elekeza bomba chini ya majani, kwa sababu ndiko matunda yaliko. Katika hili matango yaliyopandishwa kwenye kamba yanakupa faida kubwa: yananing'inia, unayaona, unayafikia pande zote, na yaliyodungwa huyapiti bila kuyaona.

Mimea mingine nitaigusa kwa haraka, kwa kuwa sitaki uichukulie yote kuwa sawa na mwarobaini. Utupa ni dawa kweli. Wanasayansi wa Arusha wa Taasisi ya Nelson Mandela wameujaribu pamoja na alizeti pori kwenye maharage ya wakulima wa Kilimanjaro na kupata mazao ya kuridhisha huku wadudu rafiki wakibaki. Lakini hayo ni maharage na wadudu wake. Tena utupa una aina mbili zinazofanana kwa macho: moja ina sumu ya kuua wadudu, nyingine haina, jambo lililobainika Malawi ambako baadhi ya wakulima walikuwa wakitunza ile isiyofaa. Na utupa ndio ule wa kulevya samaki. Usiunyunyize karibu na bwawa wala mfereji, na bomba usilioshee mtoni. Pareto huua upesi na huisha upesi juani. Ukiipata iliyotengenezwa vizuri, ina nafasi yake kwenye chambo nitakachokitaja. Kitunguu saumu na pilipili kichaa vina harufu na ukali, na watu huviongeza kwenye ndoo; havina madhara kwa mmea vikiwa vyepesi, lakini usiache mbegu za mwarobaini kwa ajili yake.

Mimea miwili nakukataza. Tumbaku ina nikotini inayopenya ngozi na kumdhuru anayenyunyiza, na maji yake yanaweza kupeleka virusi vya batobato kwenye nyanya, pilipili na nyanya chungu. Mnyaa una utomvu unaoweza kumpofusha mtu ukiingia jichoni. Kitu kutoka porini si lazima kiwe salama kwa kuwa hakikutoka kiwandani.

Halafu kuna hili la harufu. Wapo wanaopanda mirehani kuzunguka bustani wakiamini kwamba kila kinachonukia hufukuza. Baadhi ya mimea ya jamii ya mrehani ina methili yujenoli, na hiyo ndiyo harufu inayowavuta madume wa nzi wa maembe kutoka mbali; katika nchi za Asia huitumia kama mtego. Nzi wa matikiti naye ana kivutio chake tofauti, na Dacus ciliatus hajali vyote viwili. Kwa hiyo usinunue mtego wa dukani bila kuuliza unavuta nzi gani. Na ujue kwamba mitego hiyo ya harufu inanasa madume tu. Jike aliyekwisha kupandwa kwenye shamba la jirani ataingia kwako na kutaga hata kama madume wako wote wamenaswa.

Ndipo tunarudi pembeni kwenye mahindi. Umemfukuza nzi kwenye tango. Atakwenda pale anapolala. Mngojee huko. Panda mistari miwili mitatu ya mahindi kuzunguka bustani, na utundike chupa za maji zilizotobolewa matundu ya ukubwa wa kalamu, karibu na juu, zenye maji, hamira na sukari kidogo. Nzi jike anayetafuta protini ili mayai yake yakomae huvutwa na hamira inayochacha, huingia na kuzama. Badilisha maji kila wiki. Wenye uwezo hununua chambo cha protini kilichochanganywa na kiuatilifu na kukidondoshea mabaka mabaka kwenye majani ya mahindi, bila kugusa mboga. Njia hii inatumia dawa kidogo sana ikilinganishwa na kunyunyiza shamba zima, na inaua yule yule uliyemkimbiza. Mwarobaini katikati, chambo pembeni: ningekuwa na nguvu ya kukulazimisha jambo moja, ni kutovitenganisha viwili hivi.

La pili ni matunda yaliyooza. Nimeona bustani za bondeni ambapo mwarobaini unanyunyizwa kwa bidii huku matango mabovu yamerundikwa kwenye kona, karibu na njia ya maji. Rundo lile linazalisha nzi kila siku kuliko wanaoweza kufukuzwa. Pita asubuhi angalau mara mbili kwa wiki, chuma kila tunda lililopinda, lenye gundi, lililolainika, hata kama ni dogo. Okota na yaliyodondoka. Yafungie ndani ya mfuko mzito usiopitisha hewa uuache juani wiki nzima, au yafukie shimo la zaidi ya nusu mita na kushindilia udongo. Kufukia juu juu ni kumtandikia funza kitanda. Ukiwa na ng'ombe au kuku, walishe siku hiyo hiyo yalipochumwa.

Makapi yaliyobaki kwenye khanga baada ya kukamua usiyatupe. Mwaka 1990 watafiti huko Hawaii walionyesha kwamba funza wa nzi wa matunda wakijichimbia kwenye mchanga wenye azadiraktini hushindwa kutoka wakiwa nzi kamili. Makapi yako ni hafifu kuliko dawa ya maabara, lakini gharama yake ni sifuri: yachanganye na udongo wa juu chini ya mashina, pale funza wanapodondokea. Kuku wakiruhusiwa kuchakura kati ya misimu, mashina yakiwa yameng'olewa, nao watazifukua pupa.

Kwa bustani ndogo ya nyumbani, yenye mashina ishirini ya karela au matango, kuna njia iliyo bora kuliko kunyunyiza: vika tunda mfuko wa karatasi au gazeti mara tu ua linaponyauka, ufunge juu kwa uzi. Nzi hatoboi karatasi. Inachosha, lakini tunda hutoka safi, na kama unauza kwa mama lishe au hotelini utaiona tofauti kwenye bei.

Jinsi ya kujua kama dawa inakusaidia: acha mstari mmoja bila kunyunyiza, usiwe katikati ya iliyonyunyizwa bali mwisho wa bustani. Kila wiki chuma matunda ishirini mstari huo na ishirini mahali palipopata dawa, uhesabu yaliyodungwa. Tahadhari moja: nzi waliofukuzwa huweza kukimbilia huo mstari, hivyo utaonekana mbaya kuliko hali ilivyo. Linganisha pia na msimu uliopita, au na bustani ya jirani asiyetumia kitu. Andika kwenye daftari. Baada ya msimu mmoja utakuwa na jibu la shamba lako mwenyewe, na hilo lina uzito kuliko langu.

Ukiamua kununua dawa ya mwarobaini ya dukani, soma lebo. Tanzania iwe imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA, Kenya na bodi yake, PCPB. Iwe imetaja kiasi cha azadiraktini, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kuisha. Chupa iliyokaa juani kwenye rafu ya dirishani iache hapo hapo. Mafuta ya mwarobaini yasiyotajwa kiwango, yale ya kupaka ngozi, huunguza majani ya matango yakinyunyizwa bila kipimo, hasa mchana.

Vaa glavu na barakoa unapotwanga, na miwani unaponyunyiza. Matunda yakifika siku ya kuvunwa, vuna kwanza ndipo unyunyize jioni yake, na osha matango kabla ya kuyapeleka sokoni, kwa sababu uchungu ukibaki kwenye ganda mnunuzi hatarudi. Ongea na jirani ambaye mmepakana: mkipanda wiki moja, mkachuma mabovu siku moja na kuning'iniza chupa pande zote za mpaka, nzi anayetoka kwako hakuti kwake shamba lililo wazi. Na kama msimu huu umekukuta huna mbegu, tafuta leo mwarobaini ulipo karibu, kwenye uwanja wa shule, msikitini au kando ya barabara, uombe ruhusa ya kufagia chini yake matunda yatakapoanza kudondoka. Watoto wa nyumbani huokota kikapu kizima kwa jioni moja.